TAHADHARI: "Gibson ya Marekani" ya dola 600 inayozungushwa Lubumbashi

Ndugu wapiga gitaa wa L'shi, na hasa nyinyi wa makorali mnaochanga pesa ili kanisa lipate gitaa: kuna muuzaji anazungusha picha kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia komini za Kenya na Katuba mpaka Ruashi. Anadai ana magitaa ya umeme, Gibson Les Paul na Fender Stratocaster "za Marekani kabisa", dola 600 kila moja. Anataka avansi ya dola 200 kwa simu, eti mzigo umekwama Kasumbalesa na ushuru wa duane haujalipwa. Msitume hata faranga moja. Kuna waliotuma wasione kitu, na walioletewa gitaa wameletewa bandia.

Tuanze na bei. Les Paul Standard mpya ya kiwanda cha Gibson cha Nashville inapita dola 2,500 hukohuko Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Stratocaster mpya ya kiwanda cha Fender cha Corona, California, inapita 1,200. Ya kiwanda cha Fender cha Ensenada, Meksiko, huzunguka 800. Squier (chapa ya bei nafuu ya Fender) za ngazi ya chini, za China au Indonesia, hazifiki 300. Anayekupa Nashville mpya kwa 600 anakuuzia ama mali ya wizi, ama kitu ambacho hakijawahi kuiona Nashville.

Tusieleweke vibaya: ubaya si China. Epiphone nyingi hutengenezwa Qingdao, China, kwenye kiwanda cha Gibson wenyewe, na Yamaha Pacifica na PRS SE nyingi hutoka Indonesia. Ni gitaa za heshima, na kwa ibada ya Jumapili zinatosha kabisa. Bei yake iko chini kwa sababu mishahara ya huko ni midogo na vipuri vingine ni vya daraja la chini: mikro (zinazonasa sauti ya nyuzi) za sumaku ya kauri badala ya aloi ya Alnico, potansiometa ndogo (za vifundo vya sauti), mbao za bei nafuu. Vipuri hivyo unaweza kuvibadilisha polepole. Kwenye bandia, pesa zimeishia kwenye rangi na jina la kichwani. Shingo na freti (vyuma vinavyoikata shingo, unapobonyezea nyuzi) hakuna aliyezikagua.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, nenda na turnevisi (bisibisi) ya msalaba, rula, sumaku ndogo, na simu yenye programu ya kutyuni.

Gibson: kichwani kuna kifuniko kidogo chenye umbo la kengele. Cha halisi kina visi 2, cha bandia nyingi kina 3. Waigaji wengine wameshajifunza kuweka 2, kwa hiyo kifungue. Ndani ya halisi kuna nati ya shaba ya pembe sita, inayoshikwa kwa nje na spana ya bomba ya inchi 5/16, karibu milimita 8. Ukikuta tundu la kuchomeka ufunguo wa Alen, basi, mrudishie gitaa lake. Kisha geuza nyuma na utazame shingo inapokutana na kichwa. Mstari wa gundi unaoikata shingo kwa mshazari maana yake kichwa kimeungwa; Gibson huchonga shingo na kichwa katika ubao mmoja, ikaongeza vipande vidogo pembeni tu. Muuzaji akikataa usifungue kifuniko cha visi viwili, ameshakujibu.

Kwa Fender mchezo ni mwingine: Squier husuguliwa jina, ikabandikwa la Fender. Mwili wa Stratocaster una unene wa karibu milimita 45. Squier nyingi za modeli ya Affinity ni nyembamba zaidi. Fungua kifuniko cha springi nyuma, gusisha sumaku kwenye bloku ya shevale (daraja linalobeba nyuzi mwilini). Ya modeli ya American Professional II ni chuma, itanasa. Ya zinki haitanasa. Soma pia nambari: MX20 mwanzoni ni Meksiko, 2020, hata muuzaji aape namna gani, na ICS ni Indonesia. Lakini nambari inayoanza na US peke yake haithibitishi kitu, maana nambari hunakiliwa.

Kipimo kinachofaa kwa gitaa lolote, la nchi yoyote, ni hiki. Pima kutoka kwenye nati ya juu zinakopita nyuzi mpaka freti ya 12: Fender ni milimita 324, Gibson karibu 314. Kutoka freti ya 12 mpaka nyuzi zinapokalia shevale iwe hivyohivyo, au izidi kwa milimita chache. Halafu weka nyuzi mpya (zilizochakaa zinadanganya), tyuni, piga harmoniki ya freti ya 12 (gusa uzi kidogo tu juu ya freti bila kuubonyeza), kisha bonyeza freti hiyohiyo. Noti zote mbili zilingane. Kama ya kubonyeza iko juu na kikalio cha uzi kimesharudishwa mpaka mwisho, shevale ilitobolewa mahali pabaya. Hapo fundi lazima azibe matundu na kutoboa upya, na gharama itazidi thamani ya gitaa.

Ncha za freti zikikukwaruza mkono kati ya Mei na Oktoba, hiyo si dalili ya bandia. Ni ukavu wa kiangazi chetu: ubao umesinyaa, freti hazikusinyaa. Tupa ya fundi inatosha.

Akikuongezea ampli "ya Marekani", soma nyuma. Ikiandikwa 120 V tu, ukiichomeka kwenye 220 yetu bila transfoma inaungua siku hiyohiyo.

Lipa gitaa likiwa mikononi, mchana, dukani au mbele ya fundi wako, na udai fakitire (ankara) yenye modeli na nambari. Uliyeshatuma avansi: piga huduma ya wateja ya mtandao wako sasa hivi uwape nambari ya muamala, hifadhi sauti na picha zote alizokutumia, peleka malalamiko polisi, wala usimwongezee zile dola 50 "za mwisho za kutoa mzigo" atakazokuomba.