Kizibao cha kupoza mwili chenye pakiti za nta ya polima, miezi mitano sasa

Mi nachomelea vyuma, ovaroli yangu ikifika mchana unaweza kuikamua, ndo nikanunua hiki kizibao chenye pakiti za nta inayoyeyuka ikifika nyuzi 28 za joto (Selsiasi). Siku ya kwanza nikataka kukirudisha! Nimekivaa nasubiri baridi ya barafu, wapi, nasikia kaubaridi kadogo tu kifuani kama mtu aliyeegemea ukuta wa kivulini. Nikajua nishapigwa.

Kumbe sikuwa nimeelewa kazi yake. Hakileti baridi, kinakubebea joto. Ndani kuna parafini, yaani nta kama ya mishumaa, iliyoshikiliwa na polima, yaani plastiki laini kama raba, ikifika nyuzi 28 inaanza kuyeyuka, na muda wote inapoyeyuka inanyonya joto lako ila yenyewe haipandi nyuzi, imekaa palepale. Kilo moja inameza joto la kama kilojuli 200 (kilojuli ni kipimo cha nishati) mpaka iyeyuke yote. Changu kina kilo 2, na mtu aliyetulia tu anatoa joto la kama wati 100, piga hesabu hapo unapata saa moja na dakika chache. Mi kazi nyepesi nafika saa moja na nusu maana joto lingine linatoka nje kupitia kichwa na mikono, ila siku ya kazi nzito dakika 40 tu kwisha habari, umebaki umevaa mzigo wa kilo 2 wa moto. Barafu inameza zaidi, kilojuli 334 kwa kilo, lakini barafu kifuani nshajaribu, ngozi inauma na nguo inalowa chepechepe.

Kwa nini ya polima? Mwenzangu anayo ile ambayo nta imemwagwa tu kwenye mfuko, ikiyeyuka yote inashuka tumboni, ikitoboka ni mafuta mpaka kwenye suruali. Hii yangu ikiyeyuka inalainika kama raba na inabaki na umbo lake, moja niliitoboa na waya (uzembe wangu) ikatoa kaunyevu tu ka mafuta basi. Ila ujue ile polima yenyewe haiyeyuki, kwa hiyo kuna uzito unaoubeba ambao haumezi joto sawasawa na nta.

Sa kilichonikera ni ile karatasi yake. Imeandikwa iache chumbani usiku itaganda yenyewe. Chumba kipi hicho? Changu usiku kilikuwa nyuzi 30, asubuhi naikuta laini vilevile, nikamwandikia muuzaji akanijibu niiache muda zaidi! Hata ungeiacha mwaka mzima, kama hewa ni nyuzi 30 nta ya 28 itapeleka wapi joto lake? Nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 22, kama saa mbili hivi ikakaza kama kipande cha sabuni. Usiwe na haraka, nta inapitisha joto polepole sana, nje inakuwa ngumu huku katikati bado laini. Friza inawahi zaidi ila inatoka ngumu kama ubao afu haikai vizuri mwilini.

Na wenzangu wa cheche, kivaeni ndani ya ovaroli, parafini inawaka.

Nimeagiza seti ya pili, moja mwilini moja kwenye ndoo. Nampa nyota nne, ya tano nimeibana kwa sababu ya ile karatasi.