Viza ya uchumba au ndoa kwanza?

Mchumba wa mtandaoni ni raia wa Marekani, nawe una watoto Mombasa. Viza ya uchumba, K-1, inawabeba wanao walio chini ya miaka 21 kwa ombi moja, mradi hawajaoa wala kuolewa. Lakini lazima muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya ombi, na ukifika una siku 90 za kuolewa na huyo huyo. Akibadilika je? Mtoto ameshaacha shule, sare zimegawiwa majirani, nanyi hamna pa kushika.

Mkioana kwanza, kila mtoto huombewa peke yake, na ndoa ifungwe kabla hajatimiza 18. Makaratasi ni mengi, ila mnaingia na ukaazi. Mimi mama, ningesubiri hiyo.