"Ngozi ni kitu cha asili": jibu nililopewa kuhusu kiatu cha kushoto

"Ndugu yangu, ngozi ni kitu cha asili, si plastiki." Ndivyo nilivyojibiwa juzijuzi na muuzaji aliyepitisha kidole gumba juu ya kiatu changu mara moja tu, bila hata kukisogeza kwenye mwanga, akanirudishia. Nilipoendelea kumwonyesha akaongeza kwamba wateja wengine hawalalamiki. Sawa. Tuizungumze hiyo asili.

Viatu ni vyeusi, rasmi, vya kufunga kamba, vimeshonwa kwa welti, ule ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka ukingo wa kiatu na kushonewa soli. Cha kulia kikijikunja pale vidole vinapoanzia hutoa makunyanzi membamba, mengi, kama mistari ya kiganja, na mguu ukinyooka yanalala. Cha kushoto kinatoa mawimbi matatu manene upande wa nje, na mguu ukinyooka mawimbi yanabaki yamesimama. Ukiyabonyeza kwa ncha ya kidole unahisi uwazi chini yake, kama lengelenge lililokauka. Hapo tabaka la juu la ngozi limeachana na nyuzi za chini, na kwa jinsi lilivyoachana upande mmoja tu, lawama naipeleka moja kwa moja kwenye meza ya mkataji.

Ngozi ya ng'ombe haifanani mwili mzima. Mgongoni na matakoni nyuzi zake zimesukana kwa kubana. Ukishuka mbavuni kuelekea tumboni na makwapani zinalegea, ngozi inakuwa na usponjisponji na inavutika ovyo. Mkataji anayejiheshimu huchukua kipande cha mbele cha kiatu kutoka mgongoni, maana ndicho kinachokunjwa kila hatua, na zile sehemu dhaifu huzipeleka kwenye ulimi au mahali pasipokunjwa. Tena hukata kulia na kushoto kwa jozi, karibu karibu kwenye ngozi ileile, ili viatu vizeeke pamoja. Changu cha kushoto upande wa ndani kimebana vizuri kabisa. Wa nje ndio uliolegea. Maana yake kipande kiliwekwa pembeni mno, nusu ikaangukia ubavuni. Mtu alitaka kubana matumizi ya ngozi, nami ndiye ninayelipia.

Kabla sijapandisha sauti nilijitilia shaka, nikiri. Kiatu kikiwa na nafasi kubwa juu ya vidole, hata ngozi bora hutoa mikunjo mikubwa kwa sababu hakuna mguu wa kuijaza, na miguu ya watu wengi haifanani, mmoja humzidi mwenzake. Kwa hiyo jaribio la haki ni kiatu kikiwa kitupu. Weka kidole gumba juu ya ngozi mbele ya kamba, isukume polepole mpaka uso wake ujikunje kidogo kwa ndani, huku mwanga ukitoka ubavuni. Mwanga wa juu huficha kila kitu, na taa nyingi za maduka ni za juu. Tazama mbele ya kidole: vikitokea vinyanzi kama vya kiganja na vikafutika ukiachia, ngozi ni nzima. Ikijiinua kama shuka lisilotandikwa vizuri na ikachelewa kulala, imelegea. Rudia upande wa ndani na wa nje, viatu vyote viwili, mahali palepale. Nimefanya hivyo mara nne na jibu halikubadilika. Mguu wangu hauna hatia.

Na asili naijua, ndugu muuzaji. Alama ya mshipa ni asili. Kovu dogo la kupe ni asili, na vinyweleo visivyolingana pia, tena vikilingana mno kama vimepigwa muhuri ndipo uanze kuuliza uso wa ngozi umesuguliwa na kupakwa nini. Kiatu cha kulia kina mshipa karibu na kisigino na sikuutaja. Nimenyamazia pia mshono wa kipande kinachofunika vidole, ambao kwenye kimoja uko mbele kwa milimita 2 ukipima kutoka ukingo wa welti. Milimita 2 ni mkono wa binadamu. Ingekuwa 5 ungeona ukiwa umesimama. Uzi uliochomoza kwenye ulimi unakatwa kwa mkasi, mambo yanaisha.

Kinachouma ni kwamba vilivyobaki vimefanywa vizuri. Nimehesabu mshono wa welti: mishono 12 katika sentimita 3, kulia na kushoto. Kwa mashine za Goodyear, zinazofanya kazi hiyo tangu miaka ya 1870, huo ni mshono wa kujivunia. Mshono wa nyuma unashuka wima bila kupinda. Nimeviweka juu ya kioo, visigino vimekaa sawasawa, kadi haipiti chini yake. Ncha za mbele zimeinuka kidogo, kama inavyotakiwa ili hatua iwe laini. Wanaolalamikia hilo waache. Kikombe cha kisigino ukikibana kwa vidole kinagoma, na katikati ya soli hapapindi, dalili kwamba kile chuma au kipande cha ubao cha ndani kipo na kimekaa mahali pake. Mtu aliyefanya haya anaijua kazi. Nilipofika hapa nilikuwa tayari kuandika nyota nne na kumlaumu mkataji peke yake.

Kisha nikapitisha kucha kwenye mzingo wa welti, mbele, kiatu kilekile cha kushoto. Matundu mawili ya sindano yamekuwa moja. Kwenye mzingo huo mishono husongamana, na mwendeshaji asipoituliza mashine, sindano huangukia karibu mno na tundu lililotangulia. Welti ikitobolewa hivyo huwa kama ukingo wa stempu: inasubiri kuchanika. Leo ni tundu moja, na pengine lisingenisumbua. Siku ya kubadilisha soli, fundi atatafuta pa kupitisha uzi na msharasi wake utakuta uwazi. Sifa yote ya kiatu cha welti ni kwamba soli hubadilishwa. Ukiharibu welti, umeuza jina tu.

Nyota mbili, basi.

Dawa niliyopendekezewa ni kiwi. "Paka kiwi vizuri, itakaa sawa." Haikai! Nta ngumu hung'arisha ncha na kisigino kwa sababu hapo ngozi haijikunji. Ukiijaza kwenye mawimbi inapendeza mpaka utembee, kisha inapasuka na kuacha mistari myeupe. Mafuta ya kulainisha ni mabaya zaidi hapa, kwani ngozi iliyolegea ukiizidishia mafuta inazidi kulegea. Kalibu za mbao ndani ya kiatu hunyoosha mikunjo usiku na nashauri kila mtu awe nazo, ila haziunganishi tabaka lililoachana. Viwandani wanaweza kuinywesha ngozi utomvu maalumu ikaze, lakini kabla ya kukatwa. Baada ya kushonwa kazi hiyo imeshachelewa.

Kuna pia hoja kwamba mikunjo ni ushahidi kuwa nimevivaa. Nilivivaa juu ya zulia tu, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyofaa wakati wa kujaribu viatu, soli zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa karatasi. Soli hazina mkwaruzo hata mmoja. Fanyeni hivyohivyo, na pigeni picha kwa mwanga wa ubavuni siku ileile mnayofungua boksi, kwa sababu mkishakanyaga lami mnazungumza na ukuta.

Nimeomba jozi nzima ibadilishwe. Wakanipa wazo la kuleta kiatu cha kushoto peke yake kutoka jozi nyingine, nikakataa: kitakuwa cha ngozi nyingine, weusi wake na mng'ao wake vitapishana na cha kulia baada ya miezi michache. Tukabaki hapo, wao na asili yao, mimi na picha zangu. Majibu yamekuja jana. Jozi haibadilishwi, ila kama ishara ya kunijali wananiongezea kopo moja la kiwi, bure.