Lenzi ya Kupanda Nayo Matatu: Canon RF 100-400 Kutoka Kisumu Hadi Ruma

Watu wangu, karibuni tena. Kuna swali ambalo mmeniuliza mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja: nichukue lenzi gani nikienda kupiga picha za wanyama? Leo nimeziweka hapa mezani. Hii ndefu kama mchi wa kinu ni Sigma 150-600 Contemporary. Hii fupi ni Canon RF 100-400, na imefungwa kwenye kamera ya Canon R7. Wengi wanaipita hii fupi dukani bila kuigusa, na leo nataka nionyeshe kwa nini mimi ndiyo ninayobeba nikitoka Kisumu.

Tuanze na mizani. Sigma ina karibu kilo mbili, gramu 1930. Canon hii ni gramu 635. Ukiongeza R7 na betri yake, gramu 612, mzigo wote haufiki kilo moja na robo. Hapo unaning'iniza shingoni asubuhi nzima na bado unaweza kugeuka. Bei nayo: ilipotoka mwaka 2021, Marekani iliuzwa kama dola 650. Huku kwetu ongeza usafiri na ushuru, kisha uulizie na zilizotumika, maana zipo.

Sasa mtaniambia, "Lakini 400 haifiki mbali." Tulieni. Hiyo 400 ni milimita, na namba ikiwa kubwa ndivyo lenzi inavyovuta mbali. Sensa ya R7, ile sehemu inayopokea picha, ni ndogo, kwa hiyo unazidisha kwa 1.6, na 400 inakuwa kama 640. Ina pikseli milioni 32.5, basi hata ukikata picha kidogo bado inabaki ya kuchapisha. Pale Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kwenye Bonde la Lambwe huko Homa Bay, watu wengi wanamfuata korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa kiraka cheusi na cheupe, masikio marefu kama ya punda. Ruma ndiyo ngome yake ya mwisho hapa Kenya, na ni mwoga. Atakupa mgongo kabla hujazima injini. Mwenye mzigo wa kilo moja na kidogo ameshapiga wakati mwenye ile ndefu bado anaitoa kwenye begi.

Na hata ungekuwa na milimita 800, ikifika saa nne asubuhi joto linaanza kupanda kutoka kwenye nyasi, hewa inacheza, manyoya ya mnyama yanaonekana kama yamepakwa mafuta. Hakuna lenzi ya kutibu hilo. Amka mapema, sogea karibu kwa gari, basi.

Tuje kwenye safari yenyewe, maana hapa ndipo vifaa vinapoharibikia. Ukipanda matatu ya Homa Bay kupitia Katito na Kendu Bay, makanga atataka begi liende kwenye buti. Mwambie hapana, kwa heshima lakini hapana. Kule nyuma kuna magunia, kuna ndoo za samaki, na hakuna anayejua ndani ya begi lako mna nini. Begi linakaa mapajani. Ndiyo maana nasema ukubwa wa lenzi uanzie kwenye kiti cha matatu. Mzigo wa Sigma na kamera yake unahitaji begi ambalo utalipishwa kama abiria wa pili.

Begi lenyewe msinunue lile jeusi lenye jina la kampuni ya kamera limeandikwa mgongoni. Kwanza linamtangazia kila mtu steji kwamba umebeba pesa. Pili, na hili wengi hawalijui, Lambwe kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Ukivaa jinzi ya buluu na begi jeusi umejifanya mtego unaotembea. Chukua begi la kawaida la kaki au kahawia, ndani uweke sponji iliyokatwa kwa kisu. Halafu leso. Nikuonyeshe: unaikunja mara mbili, lenzi katikati, unaizungusha, ncha mbili unafunga fundo lisilobana. Inazuia mtikisiko, inazuia vumbi, na ukifika unaitandika dirishani au unajifunika nayo jua.

Vumbi lina habari yake. Hii Canon ukivuta zumu inarefuka, hivi, mnaona? Kila ikirefuka inavuta hewa ndani, na barabara ya murramu hewa yake ni vumbi tupu. Bodi ya R7 imezibwa vizuri dhidi ya vumbi na manyunyu, lakini lenzi hii haijazibwa. Sony 200-600 ya mwaka 2019 haina tatizo hilo, zumu yake inacheza ndani kwa ndani, ila hiyo ni zaidi ya kilo mbili na ilianza kwa karibu dola 2,000. Kwa hiyo gari likitembea, rudisha lenzi kwenye 100 na uifunike. Usibadilishe lenzi ndani ya hifadhi. Na kifuniko cha mbele cha kuzuia jua hakimo kwenye boksi, Canon wanakiuza kando. Uchoyo huo siupendi hata kidogo.

Tripodi iacheni nyumbani. Ruma hushuki garini popote unapotaka, na ndani ya Probox mmekodi watu wanne hiyo miguu utaipeleka wapi? Mpe fundi wa nguo kipande cha kaki akushonee mfuko wenye zipu, uubebe mtupu, ukifika Homa Bay ununue maharagwe sokoni uujaze. Unaulaza dirishani, lenzi inatulia juu yake kabisa. Jioni mnapika. Na mvua za Aprili na Mei zikikolea, udongo mweusi wa pale ni kinamo, gari dogo halitoki, basi ulizeni hali ya barabara kabla.

Mvua ikinyesha, msifikirie kufunika kamera kwa karatasi ya nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, pamoja na chupa zile za maji. Nunua mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo.

Umeme: R7 inachajiwa kwa waya wa USB-C, lakini powabanki iwe yenye alama ya PD (Power Delivery), la sivyo kamera haitaiona. Ukipanda ndege, powabanki na betri zinakaa nawe juu, hazipelekwi kwenye mizigo. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Powabanki ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74, iko salama. Ya 30,000 imepita, utaulizwa.

Na ndege wanaoruka, kama furukombe wa hapa Dunga, tumia shata ya kawaida, lile pazia la ndani ya kamera, picha 15 kwa sekunde. Ile ya kielektroniki inatoa 30, lakini sensa inasoma polepole na mabawa yanatoka yamepinda.

Mahali ambapo siwezi kuisifu ni Msitu wa Kakamega. Kwenye 400 lenzi hii inafunguka f/8 tu, yaani tundu dogo la mwanga (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na chini ya ile miti ISO, kipimo cha kamera kuongeza mwanga yenyewe, inaruka hadi 6400 na kuendelea. Shorobo mkubwa wa buluu atakutokea ana chembechembe mwili mzima. Sigma yenye f/6.3 inasaidia kidogo, si sana. Kama Kakamega ndiko utashinda, kodi lenzi ya f/2.8 kwa wikendi na ukubali kusogea karibu. Lakini Hifadhi ya Saiwa, kule karibu na Kitale kumfuata nzohe, swala wa kinamasi, hakuna gari, ni miguu, vijia vya mbao na kupanda minara. Huko nachukua hii fupi bila kufikiri, ila nangoja jua litoke vizuri kwanza.

Nani asiinunue? Mwenye gari lake na anayepiga alfajiri na magharibi tu. Huyo achukue Sigma, aongeze na kamba nzuri ya bega. Wengine andikeni hapo chini mnatumia kamera gani na mnaenda wapi, nitajibu usiku.