Old School RuneScape: uzoefu wangu, na ubishi wetu usiokwisha

Nimecheza Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi kwa pamoja, tangu ilipoingia kwenye simu mwaka 2018, na bado sijaichoka. Lakini kila nikimsimulia mchezaji mwenzangu, mazungumzo yanageuka ubishi. "Hiyo si burudani, ni kibarua," huniambia mmoja. Namwelewa. Leveli 99 ya ustadi mmoja inadai alama za uzoefu 13,034,431, na ukifika 92 ndiyo kwanza umefika nusu! Leveli saba zilizobaki zina kazi sawa na zote ulizokwisha kupanda.

Mimi naupendea huohuo mwendo wake wa polepole. Kule Draynor, kijiji kimoja cha mchezo huu, kuna miti kando ya maji, karibu na benki. Unabonyeza mti, mhusika wako anapiga shoka, magogo yanajaa, unayapeleka benki, unarudi. Vidole havina kazi kubwa, basi watu wanazungumza. Hapo ndipo nilipojuana na mchezaji mmoja aliyenieleza kwa utaratibu shoka gani linanifaa, kisha akanipa lake la zamani. Hatukuwa tukiwinda joka wala zimwi. Tulikata miti na kupiga soga mpaka usiku.

Wenzangu wa World of Warcraft, mchezo mwingine wa aina hii, wamegawanyika kwa jambo hilohilo. Ulipoanza mwaka 2004, ukitaka kuingia pangoni kupigana na mazimwi ulilazimika kuomba watu wa kufuatana nawe, na mponyaji akikosekana mnasubiri. Desemba 2009 ukaja mfumo unaokukusanyia kundi, hata kutoka seva tofauti. Yupo anayeushukuru hadi leo: ana watoto wadogo, anapata saa moja tu usiku, hawezi kuimaliza akitafuta watu. Yupo pia anayesema mfumo huo ulifukuza ujirani, kwa sababu mnamaliza pango bila hata salamu na hamwonani tena. Huyu wa pili alirudi kwa furaha mwaka 2019 ilipotoka Classic, toleo la mchezo huo kama ulivyokuwa zamani, bila mfumo ule. Mimi niko upande wake, ila yule mzazi simlaumu hata kidogo.

Wapenda hadithi nao wana kwao. Final Fantasy XIV, nao mchezo wa mtandaoni, wanaisoma kama riwaya, na makelele ya vyama vya wachezaji hayawahusu.

Kinachonikera ni kuuza nguvu. Kuna mchezo mmoja niliuacha baada ya miezi kadhaa: upanga nilioutafuta wiki tatu ulikuja kuuzwa dukani kwa pesa halisi, tena ukiwa bora kuliko wangu. Chama chetu kilisambaa mwezi uleule. Wapo wanaosema kila mtu atumie pesa yake apendavyo. Sawa, lakini pambano la ana kwa ana halina maana tena.

Old School ina jambo ambalo ningependa kuliona kwingine: vitu vipya vya mchezo hupigiwa kura na wachezaji, na visipopata asilimia 70 haviingii. Ubishi wetu wote unaishia kwenye kura. Nimeshindwa mara nyingi humo na sijaona sababu ya kuondoka.

Kukata miti nilikufikisha 99 palepale Draynor. Fataki zilipolipuka juu ya kichwa cha mhusika wangu, watu nisiowajua kabisa waliacha shoka zao wakaandika hongera, mmoja baada ya mwingine.