Diamond Infinite Edge Pro: upinde wa puli kwa mwindaji anayeanza hapa Lubumbashi

Anayetaka kununua upinde wa puli akiwa Lubumbashi ajiulize kwanza swali ambalo mnunuzi wa Marekani au wa Afrika ya Kusini hana haja ya kujiuliza: siku upinde utakapohitaji kurekebishwa, ataupeleka kwa nani? Upinde wa aina hii una kamba zilizokazwa wakati wote, hata ukiwa umetundikwa ukutani, na katika pinde nyingi haiwezekani kubadilisha urefu wa mvuto, yaani umbali ambao upote (kamba ya kupigia mshale) huvutwa hadi mwisho, wala kuuvua upote wenyewe bila mashine maalumu inayoyabana pole pole mabawa, yaani sehemu mbili za upinde zinazopindika. Karakana za mji wetu zina mafundi hodari wa vyuma, wanaofufua magari yaliyokwisha kukatiwa tamaa, lakini mashine hiyo sijaiona katika hata moja. Kwa hiyo ninaupima kila upinde wa mwanafunzi kwa kipimo kimoja kabla ya vingine vyote, yaani kama mwenyewe anaweza kuurekebisha nyumbani kwa funguo za alen tu, zile ndogo zenye pembe sita. Diamond Infinite Edge Pro, uliotengenezwa Marekani chini ya kampuni ya Bowtech, unakipita kipimo hicho vizuri, na ndiyo sababu ninaupendekeza.

Upinde wenyewe si mgeni katika nchi hii. Katika milki ya Waluba upinde wa mfalme uliwekwa juu ya kiegemeo cha mti kilichochongwa kwa ustadi mkubwa, kwa kumbukumbu ya Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na viegemeo hivyo leo vinatazamwa katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Kilicho kigeni ni puli. Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri aliomba hataza ya upinde wa namna hiyo mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969, na wazo lake halijabadilika sana tangu hapo. Upinde wa wazee unazidi kuwa mzito kadiri unavyouvuta, hata mkono ukifika shavuni unabeba uzito wote, na mwindaji analazimika kuachia mshale upesi. Upinde wa puli una magurudumu yasiyo duara kamili kwenye ncha za mabawa. Uzito unapanda mwanzoni mwa mvuto, kisha magurudumu yanapogeuka hadi mwisho unashuka ghafla. Katika Infinite Edge Pro punguzo hilo hufikia asilimia 80. Anayevuta ratili 50, yaani karibu kilo 23, anabaki ameshikilia kama kilo 4 na nusu tu, na anapata nafasi ya kutulia, kulenga, na hata kuahirisha pigo ikiwa mnyama amegeuka vibaya. Hiyo nafasi ya kuahirisha ninaithamini kuliko mwendo wote wa mshale.

Jambo la kwanza la kuamua ni jicho. Jicho linalotawala ndilo linalopaswa kulenga, na ndilo linaloamua kama utanunua upinde wa mkono wa kulia au wa kushoto. Nyoosha mikono, acha tundu dogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha fumba jicho moja moja: jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo linalotawala. Upinde wa kulia hauwezi kugeuzwa kuwa wa kushoto kwa ufunguo wowote, na kuurudisha dukani kutoka Lubumbashi ni gharama inayokaribia bei ya upinde wenyewe.

Linalofuata ni urefu wa mvuto. Simama, nyoosha mikono yote miwili pembeni bila kujilazimisha, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati, kisha gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 atapata 68, yaani karibu inchi 27. Hesabu hii inakufikisha karibu, haikufikishi penyewe, na hapo ndipo upinde huu unapoonyesha faida yake: urefu wake wa mvuto huanza inchi 13 na kufika inchi 31, na hubadilishwa kwa kulegeza skrubu za vipande vilivyo kwenye puli, kuvisogeza mahali palipoandikwa na kukaza tena, pande zote mbili sawasawa. Upinde wenye mvuto mrefu kuliko unaomfaa mtu humlazimisha kuinamisha kichwa nyuma na kunyoosha kiwiko kupita kiasi, na upote ukirudi unamchapa ndani ya mkono. Nimewaona vijana wakivaa ngozi ya kukinga mkono na kuendelea kuumia, ilhali dawa yake ilikuwa kupunguza nusu inchi.

Kuhusu nguvu, kila ninapoutoa upinde huu mbele ya watu, swali la kwanza ni lile lile. Kijana mmoja wa mtaa wa Kampemba hapa mjini aliniuliza: «Papa, huu una nguvu kiasi gani?» Nilimjibu kwamba una nguvu kati ya ratili 5 na 70, kilo 2 hadi 32 hivi, ingawa anayeutumia kwa mvuto mfupi sana hawezi kuifikia ile 70, na kwamba afadhali aniulize yeye mwenyewe ana nguvu kiasi gani. Jaribio ni rahisi. Kaa kwenye kiti, inua upinde ukiwa na mshale na ukielekea shabaha, kisha vuta moja kwa moja hadi mwisho. Ukilazimika kuelekeza upinde mbinguni, kujipinda mgongo au kusukuma kwa bega, umebeba uzito usio wako. Watu wazima wengi wenye afya huanza vizuri kati ya ratili 35 na 45, na misuli ya mgongo ikishazoea wanaongeza kidogo kidogo kwa kukaza boliti za mabawa kwa mizunguko iliyo sawa juu na chini. Kitabu cha mtengenezaji husema mwisho wa kulegeza boliti hizo, na mwisho huo lazima uheshimiwe, kwa maana boliti iliyolegezwa kupita kiasi inaweza kuchomoka na mabawa yakaruka usoni.

Mwendo unaotajwa kwenye karatasi ya Infinite Edge Pro ni futi 310 kwa sekunde, karibu mita 94. Namba za namna hiyo hupimwa kwa ratili 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa gramu 23 hivi. Mwanafunzi mwenye ratili 50, mvuto wa inchi 27 au 28 na mshale wa gramu 26 atapata kama mita 70 kwa sekunde, na hana sababu ya kusikitika. Namibia, ambako kuwinda kwa upinde kunaruhusiwa kisheria, hupima nishati ya mshale badala ya mwendo: wanyama wadogo wanahitaji futi-ratili 25, wa wastani 40, wakubwa kama tandala 65, sawa na joule 34, 54 na 88. Ukipiga hesabu, mshale wa gramu 26 unaokwenda mita 70 kwa sekunde unabeba joule 63 hivi. Unatosha kwa mnyama wa wastani aliye karibu, hautoshi kwa tandala, na mwindaji anayejua hivyo mapema hatamtia mnyama jeraha la kufa siku tatu porini.

Mshindani wake wa karibu ni Bear Cruzer G2, wa kampuni iliyoanzishwa na Fred Bear mwaka 1933. Nao huenda ratili 5 hadi 70, mvuto wake ni inchi 12 hadi 30, na mwendo unaotajwa ni futi 315. Ni mwepesi kidogo na mfupi kidogo, inchi 30 kutoka ekseli ya puli moja hadi ekseli ya puli nyingine, dhidi ya 31 za Infinite Edge Pro. Ufupi huo unapendeza ndani ya kibanda cha kujificha au katika vichaka vya miombo. Hata hivyo, umbali kati ya kishikio na upote uliotulia ni inchi 6 na nusu kwa Cruzer na inchi 7 kwa Diamond, na nusu inchi hiyo si bure: mshale hutengana na upote mapema zaidi, hivyo mtetemeko wa mkono wa mwanafunzi unapata muda mfupi zaidi wa kuupotosha. Kwa kijana mrefu mwenye mikono mirefu, mvuto wa inchi 31 wa Diamond pia unamwachia nafasi ambayo Cruzer haina. Ningemshauri mtu mfupi, au mama anayetaka kutumia upinde mmoja pamoja na watoto wake, auangalie Cruzer bila wasiwasi. Upinde wa Genesis, unaotumiwa sana katika shule za Marekani, ni mzuri kwa kujifunza kulenga, lakini hauna punguzo la uzito na hufika ratili 20 tu. Si wa kuwindia.

Pinde hizi mbili huuzwa mara nyingi zikiwa na kilengeo, kikalio cha mshale, podo, tundu la kuchungulia lililofungwa kwenye upote na fimbo fupi ya kutuliza mtikisiko, kwa bei iliyokuwa karibu dola 400 huko Marekani. Mishale na kifyatuo cha kuachia upote, kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono, havimo, na vyote viwili ni vya lazima. Hapa ndipo wanunuzi wetu hukosea bajeti, kwani usafiri na ushuru huongezwa juu ya yote hayo. Mishale ya kaboni huchaguliwa kwa ukakamavu wake: mshale wenye alama ya 500 hupindika zaidi kuliko wa 400, na ule wa 400 zaidi kuliko wa 340, kwa hiyo upinde wa ratili 40 hauli mishale ile ile ya upinde wa ratili 65. Tazama jedwali la mtengenezaji wa mishale kabla ya kulipa. Uzito wa mshale usishuke chini ya greni 5, yaani karibu theluthi moja ya gramu, kwa kila ratili ya upinde, kwa sababu mshale mwepesi mno unauacha upinde ukimeza nguvu zake wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo upote usiachiwe kamwe bila mshale. Pigo tupu moja linaweza kupasua bawa au kuipinda puli, na hapa kwetu huo ndio mwisho wa upinde.

Kila mshale ukunjwe kidogo mkononi karibu na sikio kabla ya kutumiwa tena. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje na uutupe, maana kaboni iliyopasuka huingia mkononi kama sindano.

Hali ya hewa ya Lubumbashi inadai uangalifu wake. Vumbi jekundu la Agosti na Septemba hujishika kwenye nta ya upote na kuusaga nyuzi kwa nyuzi, basi ufute kwa kitambaa kikavu kabla ya kupaka nta mpya, usipake juu ya uchafu. Joto la Oktoba ndani ya gari lililofungwa linaweza kulegeza nyuzi na kuharibu gundi ya mabawa. Upinde usiachwe humo hata kwa muda wa kuingia benki. Wakati wa mvua, kausha ekseli za puli. Upote na kamba zake hubadilishwa baada ya miaka miwili au mitatu kwa matumizi ya kawaida, na kwa kuwa kazi hiyo ndiyo inayohitaji ile mashine, panga safari ya fundi wa Afrika ya Kusini mapema, au nunua mashine ndogo ya kubebeka iliyoidhinishwa kwa upinde wako na ujifunze kuitumia mbele ya mtu anayeijua.

Shabaha ya mazoezi haina gharama. Mfuko wa makala (makaa) uliojazwa nguo kuukuu na kushindiliwa sana huzuia mishale yenye ncha za mazoezi, mradi nyuma yake kuna kichuguu au ukingo wa udongo na hakuna njia ya watu. Vigumba vya kuwindia vyenye makali havipigwi kwenye mfuko huo. Vinahitaji sponji ngumu. Anza mita 10, kaa hapo mpaka mishale yote iangukie ndani ya sahani, ndipo usogee 15 na 20. Mwanafunzi asifikirie mnyama aliye zaidi ya mita 25, kwa kuwa mshale unachukua muda kufika na mnyama anasikia mlio wa upote kabla haujamfikia. Kigumba huua kwa kukata mapafu na mishipa, hivyo pigo la halali ni la mnyama aliyesimama ubavu, nyuma kidogo ya bega.

Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 ndiyo inayosimamia uwindaji Kongo, na haimruhusu mtu kuwinda bila kibali, hata kama silaha yake haina baruti. Hifadhi za Upemba na Kundelungu ni mbuga za taifa, na ndani yake hakuna uwindaji. Atakayeagiza upinde awaulize maofisa wa forodha na wa mazingira kabla ya kulipa, aombe jibu kwa maandishi, na asafirishe upinde ndani ya sanduku gumu, vigumba vikiwa vimefungwa peke yake. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote kwa pamoja, ningeacha vigumba viwe vya mwisho kununuliwa: upinde, mishale sita ya mazoezi, kifyatuo, nta na funguo za alen vinatosha kwa msimu mzima wa kiangazi, na vigumba vinaweza kusubiri mpaka kibali kiwe mkononi.