Sloti za Misri ya kale: elfu tano yako uipeleke kwenye ipi?

Jamaa yangu mmoja anaendesha bajaji, kijiwe chake ni Mkanaledi, karibu na stendi kuu ya mabasi ya Mtwara. Jioni moja ya Oktoba, wiki ile malipo ya minada ya korosho yalipoanza kuingia kwenye simu za watu, alinigeuzia kioo cha simu yake. Nikaona nguzo mbili za mawe, mchanga wa rangi ya dhahabu, na mtu mwenye kichwa cha mbweha. "Kaka, hizi za Mafarao humu ziko kibao. Ipi nzuri?"

Nilimjibu harakaharaka siku ile, na jibu halikuniridhisha. Kwa hiyo nimekaa nalo. Sloti ni ile michezo ya kubahatisha ya kwenye simu ambayo unaweka dau, unabonyeza, na safu za picha zinazunguka. Zile za Misri nimezicheza miaka kadhaa, tano kati yake nazifahamu vizuri, na hapa nazipanga kuanzia ile ninayoipendekeza kwa mtu mwenye elfu tano mfukoni mpaka ile ya mwisho. Anayesoma awe ametimiza miaka 18, kama sheria yetu inavyotaka, na kampuni anayochezea iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania.

Tuanze na bei, kama mtu anayenunua pampu ya kupulizia mikorosho. Watu wengi wanaona sloti haina bei, kwamba unaweka pesa, ukipata umepata, ukikosa umekosa. Bei ipo, ila imefichwa. Kila sloti ina asilimia ya marejesho, ile inayoandikwa RTP. Ikiwa ni 96, maana yake katika kila shilingi 100 zinazozungushwa, ukijumlisha wachezaji wote kwa muda mrefu sana, 96 zinawarudia wachezaji na 4 zinabaki kwa kampuni. Zingatia neno "zinazozungushwa". Hesabu haifanywi kwenye pesa uliyoweka mwanzo. Inafanywa kwenye kila dau, hata lile unaloliweka kwa pesa uliyoshinda dakika moja iliyopita.

Nilijipima kwa saa ya simu. Nikicheza bila pupa, nafikisha mizunguko 10 kwa dakika, sawa na 600 kwa saa. Kwa dau la shilingi 100, ndani ya saa moja utakuwa umezungusha shilingi 60,000, ingawa ulianza na 5,000, kwa sababu shilingi ileile inatoka na kurudi, inatoka na kurudi. Asilimia 4 ya 60,000 ni 2,400. Hiyo ndiyo bei ya saa moja. Kuna saa utatoka na faida, kuna saa elfu tano yote itakwisha ndani ya dakika kumi, lakini ukicheza saa nyingi wastani wako unasogea kwenye namba hiyo. Ninaponunua tiketi ya mpira Nangwanda Sijaona sitegemei kurudishiwa pesa getini. Nimelipia dakika tisini. Sloti nayo naiweka kwenye kundi hilohilo: nanunua muda, na swali langu ni muda kiasi gani na wa namna gani.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mtu wa Mtwara na Lindi alijue kabla ya kugusa kitufe. Mchezo mmoja, jina moja, picha zilezile, unaweza kuwa na asilimia tofauti kwa kampuni mbili tofauti. Mfano ni Book of Dead. Watengenezaji wake, Play'n GO wa Sweden, wameutoa kwa matoleo kadhaa: 96.21, 94.25, 91.25, 87.25 na 84.18. Kampuni ya kubeti ndiyo inayochagua. Mimi nilicheza miezi minne kwenye kampuni moja nikiamini niko kwenye 96, kwa sababu ndiyo namba niliyoisoma kila mahali. Siku moja mvua inanyesha, sina la kufanya, nikafungua maelezo ya mchezo na kushuka mpaka mwisho. Kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo: 87.25. Fanya hesabu. Kwa 96.21 saa moja inanigharimu 2,274. Kwa 87.25 ni 7,650. Ni mara tatu na zaidi, kwa mchezo uleule. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akipimiwa mchele kwa kibaba kilichobonyea chini.

Kuuona mstari huo ni kazi ya dakika moja. Mchezo ukishafunguka, tafuta alama ya vistari vitatu au herufi ya "i", mara nyingi iko pembeni chini. Bonyeza. Zitakuja kurasa za picha: mende analipa kiasi hiki, Farao kiasi hiki. Zipite zote. Baada ya picha yanafuata maelezo marefu ya Kiingereza, na huko chini ndiko asilimia ilikoandikwa. Usipoiona kabisa, funga mchezo huo utafute mwingine.

Namba ya pili ni ukali, na hii haiandikwi kwa asilimia. Mchezo mkali hukaa kimya muda mrefu kisha hulipa kwa mkupuo. Mchezo mpole hutoa kidogokidogo. Mwenye 5,000 na dau la 100 ana mizunguko 50 tu ya uhakika, na mchezo mkali unaweza kuimaliza yote hamsini kabla hujaona chochote cha maana. Ndiyo maana mpangilio wangu haufuati asilimia peke yake.

Ya kwanza kwangu ni Eye of Horus ya Merkur wa Ujerumani. Ina mistari 10, yaani njia kumi ambazo alama zikijipanga zinalipa, na toleo lake la juu linarudisha 96.31, yaani 2,214 kwa saa. Horus, yule mungu mwenye kichwa cha mwewe, anafanya kazi ya jokeri kwenye karata: anajaza nafasi ya alama nyingine, na akitua anatanuka mpaka anaifunika safu nzima. Milango mitatu ya hekalu inakupa mizunguko 12 ya bure. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Kila Horus anayetokea wakati wa mizunguko ya bure anapandisha daraja alama za chini, anaziondoa moja moja mpaka unabaki na zile zinazolipa vizuri, na anakuongezea mizunguko. Unaona mchezo ukijengeka mbele yako. Hata bonasi, yaani hiyo mizunguko ya bure, ikiishia kwenye kiasi kidogo, kulikuwa na kitu cha kufuatilia, na kwa mtu anayenunua muda hilo ndilo la msingi. Ukali wake ni wa kati. Elfu tano yangu hukaa humu kuliko kwingine.

Ya pili ni Cleopatra ya IGT, na najua kuna watakaonibishia, kwa sababu asilimia yake ni 95.02, chini kidogo ya nyingine, na picha zake zimezeeka. Saa moja ni 2,988. Lakini ina mistari 20, kwa hiyo dau la 100 linagawanyika shilingi 5 kila mstari, na malipo madogo yanakuja mara kwa mara. Cleopatra mwenyewe akiingia kwenye mstari ulioshinda, malipo yanakuwa mara mbili. Sfinksi watatu, wale simba wenye kichwa cha mtu, wanakupa mizunguko 15 ya bure ambayo karibu malipo yote yanazidishwa mara tatu. Ni rahisi kuielewa, haina mambo mengi. Mtu anayeanza ningemwanzishia hapa.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana Misri hii ya kwenye simu imechanganywa sana na nisiposema itaniuma. Cleopatra alifariki mwaka 30 kabla ya Kristo. Piramidi kubwa ya Giza wakati huo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,500. Kwa hesabu ya miaka, malkia huyo yuko karibu zaidi na mimi na wewe kuliko alivyokuwa karibu na waliojenga piramidi anazosimamishwa mbele yake. Na Wamisri wenyewe walikuwa na mchezo wao, senet, ubao wa nyumba thelathini, ambao uliwekwa hata kwenye kaburi la Tutankhamun lililogunduliwa mwaka 1922. Wazee wetu wanaocheza bao chini ya mwembe pale Mikindani wangeuelewa upesi kuliko sloti yoyote.

Ya tatu ni Legacy of Dead, ya Play'n GO vilevile, ya mwaka 2020. Kwa asilimia hii ndiyo rahisi kuliko zote tano: toleo la juu ni 96.58, saa moja 2,052. Mbona si ya kwanza? Kwa sababu ni kali. Ina mistari 10, makaburi matatu yanaleta mizunguko 10 ya bure, na alama moja inachaguliwa iwe inatanuka. Ukipata tena makaburi matatu ndani ya bonasi, inaongezwa alama nyingine ya kutanuka, na inaweza kuendelea hivyo mpaka alama tisa. Malipo ya juu ni mara 5,000 ya dau. Lakini siku nyingi utazungusha tu, unatazama mchanga. Ningempa mtu mwenye elfu ishirini na anayekubali kushusha dau, siyo wa elfu tano. Na kama Book of Dead, nayo ina matoleo ya chini, kwa hiyo ule mstari wa mwisho wa maelezo usiuache.

Book of Dead, ya mwaka 2016, naiweka ya nne. Ndiyo inayopendwa kuliko zote, na yule mtafuta hazina wake, Rich Wilde, anajulikana mpaka na watu wasiocheza. Vitabu vitatu, mizunguko 10 ya bure, alama moja inayotanuka, mara 5,000. Ukipewa 96.21 haina ubaya wowote, ni Legacy of Dead iliyopunguzwa viungo. Kwangu imeshushwa na ile hadithi ya 87.25, na nimekuwa nikiikuta kwenye matoleo ya chini kuliko wenzake.

Mwisho ni Book of Ra Deluxe ya Novomatic wa Austria. Heshima yake ipo: Book of Ra ya mwaka 2005 ndiyo iliyowafundisha wengine wote mtindo wa kitabu na alama inayotanuka. Ila hii Deluxe inarudisha 95.10, saa moja 2,940, na ukali wake haupungui kwa ajili hiyo. Unalipa bei ya Cleopatra bila kupata upole wa Cleopatra. Ukikutana na Book of Ra ya zamani yenye 92.13, ipite.

Kuna mambo matatu ninayoulizwa sana. La kwanza ni kile kitufe cha kubahatisha rangi ya karata baada ya kushinda, nyekundu au nyeusi. Hakibadilishi bei, nusu kwa nusu, lakini kinaua muda. Ushindi wa 800 uliokuwa ukununulie mizunguko minane mingine unaweza kupotea kwa sekunde moja. Sikigusi.

La pili, bonasi ya kukaribisha. Chukua mfano: unapewa 5,000 kwa sharti la kuzungusha mara 30. Ni 150,000 za kuzungusha. Kwa mchezo wa 96, gharama ya wastani ni 6,000, zaidi ya bonasi yenyewe. Soma sharti kabla ya kukubali.

La tatu limetoka kwenye yale madubwi, mashine za kubahatisha za sarafu za mitaani. Watu wanasema dubwi likishiba linatema, kwa hiyo mchezo uliokula muda mrefu uko karibu kulipa. Kwenye sloti za mtandaoni hakuna kushiba. Kila mzunguko unapigwa upya na programu, haukumbuki uliopita. Mjomba wangu kule Tandahimba alipoteza pesa ya dawa ya salfa ya msimu mzima kwa kusubiri mchezo uteme. Mikorosho ilichanua bila kupuliziwa, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na mwaka ule nilikwenda kumsaidia kuokota nikiona wazi kiroba hakijai. Tangu hapo sikubali pesa ya shamba, ya ada au ya dawa iingie kwenye akaunti ya mchezo, hata kwa "nitairudisha kesho".

Mtandao ukikatika katikati ya mzunguko, tulia. Matokeo yanapatikana kwenye kompyuta ya mchezo ukishabonyeza tu, siyo kwenye simu yako. Ukirudi utayakuta.

Wiki iliyopita nilirudi kijiweni kwa yule jamaa. Tulifungua mipangilio ya akaunti yake, tukatafuta mahali pa kuweka kikomo cha kuweka pesa. Aliandika 5,000 kwa wiki, akafikiri, akaiacha hivyo. Kisha akafungua Eye of Horus, akabonyeza vistari vitatu, akaanza kushuka kwa kidole gumba, picha baada ya picha, macho yamebana kwa jua la saa kumi. "Hii hapa," akasema. "Tisini na sita nukta tatu moja." Abiria wa Mikindani alikuwa ameshakaa nyuma, akawasha bajaji.